Madanzi ya Biji

Jaspal alinipigia simu Jumanne asubuhi, nikiwa nimeshavaa koti na funguo za gari ziko mkononi, akaniambia mama yake amefariki. Alisema alikutwa kitini jikoni, redio ikiongea, na kwamba mazishi yatakuwa wiki inayofuata. Kisha akaniuliza kama nitasimama niseme maneno machache, kwa sababu ni mimi niliyekaa naye chini ya paa moja mwaka ule alipokuwa na jambo ambalo hakutaka mtu yeyote alijue. Nilikubali. Siku ilipofika nilisimama mbele ya watu waliojifunika vichwa, karatasi mkononi, nikasema alikuwa mtu mwema na mpishi hodari. Halafu nikakaa. Jaspal alinishika bega akanishukuru, lakini nilirudi nyumbani nikiona haya, maana nilichosema kingeweza kusemwa juu ya bibi yeyote. Hapa naandika kile nilichoshindwa kukisema pale.

Habari za kwetu, na za jinsi nilivyotoka Nairobi nikapitia Uholanzi, nitaziacha. Nilikuwa na miaka ishirini, nina begi moja, na kazi ya kupanga skrubu kwenye visanduku katika kiwanda kidogo kule Saltley, Birmingham. Mwenzangu wa kiwandani aliniambia kuna mama wa Kipunjabi Sparkhill, mjane, anakodisha chumba cha juu, na kwamba mama huyo anasema Kiswahili. Sikuamini mpaka nilipobisha mlango. "Karibu, karibu, kuja ndani, baridi nauma," akasema mwanamke mfupi mwenye kitambaa cheupe kichwani, na mimi nikacheka mlangoni kwa mara ya kwanza tangu nifike mji huu. Mama yake Jaspal alizaliwa Kisumu, akaolewa Kisumu, na Kiswahili chake kilikuwa cha dukani, kisichojali ngeli wala wakati, lakini kiliingia masikioni mwangu kama maji ya moto kwenye miguu iliyokufa ganzi. Mtaa mzima ulimwita Biji, jina ambalo Wapunjabi humwitia mama au nyanya, nami nikamwita hivyohivyo.

Chumba changu kilikuwa nyuma, juu ya jikoni, hivyo harufu ya jira na vitunguu ilipanda kupitia mbao za sakafu kabla sijafungua macho. Chini kulikuwa na sebule ambayo haikutumika ila wageni wakija, na nyuma yake jikoni, chumba chembamba chenye jiko la gesi, meza ya watu wawili, na rafu iliyojaa chupa tupu za jamu. Biji alikuwa na sheria moja tu, na aliirudia kila siku: kila kitu kirudi mahali pake. Nikiacha kijiko upande usio wake alikuwa mkali. "Hodan, hapana weka hapo. Kijiko iko na nyumba yake." Kiti kisisogezwe hata kidogo. Mlango wa kabati usiachwe wazi. Nilidhani ni usafi wa wazee. Barua zikija alinipa nimsomee, akisema miwani iko juu na magoti yanamuuma. Nilizisoma bila kujiuliza kwa nini miwani haishuki kamwe.

Wiki yangu ya tatu, mwezi wa Januari, alirudi kutoka Stratford Road akifuatwa na mwenye duka aliyembebea sanduku la machungwa. Machungwa yenyewe yalikuwa mabaya kwa sura, ngozi imejaa vipele, mengine yana kovu. Nikachukua moja nikalimenya, nikatia kipande mdomoni, nikakimbilia sinki kukitema. Biji alicheka hadi akashika meza. "Hiyo si ya kula! Hiyo ya kupika." Ndipo neno likanirudia kutoka darasani Nairobi, neno nililolikariri bila kuliona tunda lake: danzi, chungwa chungu la watu wa pwani. Nikamwambia. Akalirudia mara mbili tatu, danzi, danzi, akalipenda, na tangu siku hiyo hakuyaita tena kwa jina jingine. Aliniambia kwamba baridi yake ya kwanza Birmingham alikuwa akitafuta malimau ya achari, akanunua haya kwa makosa, akatia chumvi na pilipili, na mume wake akakataa kula. Jirani Mwingereza wa nyumba ya pili, aliyesikia mzozo kupitia ukuta, akaja kubisha na kumwonyesha jinsi ya kupika mamaledi, jamu ya machungwa hayo. Tangu hapo hakukosa Januari hata moja.

Jumamosi hiyo tulikaa mezani tangu baada ya chakula cha mchana. Tulikata madanzi nusu kwa nusu, tukakamua maji, tukakusanya mbegu zote na nyuzi nyeupe za ndani tukazifunga kwenye kitambaa cha melimeli. Nilitaka kuzitupa mbegu, akanishika mkono. "Hapana tupa. Mbegu ndiyo nashika mamaledi. Bila mbegu, unapata sharubati." Kisha akaanza kukata maganda kuwa nyuzi nyembamba, kisu kikigonga ubao bila kusita, kila uzi sawa na mwenzake. Zangu zilitoka nene kama vidole. Nje kulikuwa kumeshaingia giza, kama inavyokuwa hapa Januari, saa kumi na moja jioni na mchana umekwisha. Tulikuwa tunaongea habari za samaki wa Kisumu taa ya jikoni ilipozimika ghafla. Sikuona hata mkono wangu. Nikaweka kisu chini haraka nisijikate. Upande wa pili wa meza kisu cha Biji kiliendelea. Ka, ka, ka, ka. Mwendo uleule. Na yeye akaendelea kunieleza jinsi mama yake alivyokaanga ngege.

"Biji," nikasema, "taa imeungua."

Kisu kikasimama. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo kuliko nilivyowahi kumsikia, "Sasa hivi?"

Nilikaa gizani nikamsikia akipumua, na mambo yote ya wiki tatu yakajipanga kichwani mwangu, kijiko, kiti, barua, miwani. Hakunipa nafasi ya kuuliza. "Miaka mbili," akasema. "Mwanga ya jua naona kidogo, kama iko nyuma ya pazia. Mtu, hapana. Kisu, hapana. Sura yako mimi hapana jua, Hodan."

"Na Jaspal?"

"Jaspal hapana jua. Yeye nakuja Jumapili, mimi nakaa kiti, nampa chai, anaenda. Akijua, ananipeleka Leicester, nyumba kubwa, mke wake natoka kazini, watoto natoka shule, mimi nakaa kama mzigo. Hapa najua kila msumari." Akanyoosha mkono gizani akaupata mkono wangu moja kwa moja, bila kupapasa. "Wewe hapana sema."

Nikamwahidi. Nilikuwa na miaka ishirini na ahadi ilikuwa kitu chepesi.

Kesho yake tulipika. Maganda yalikuwa yamelala ndani ya maji usiku kucha pamoja na kile kifuko cha mbegu. Yalichemka polepole karibu saa mbili, hadi nyumba nzima ikanukia kitu ambacho sijui nikiitaje, kitu kichungu na kisafi. Biji alichota uzi mmoja wa ganda akausaga kati ya vidole, akaridhika, akakikamua kifuko mpaka kikatoa ute mzito. Ndipo akamimina sukari, akapandisha moto, na kunitaka ninyamaze. Mimi nilikuwa na kisahani kwenye friza, kama jirani alivyomfundisha zamani: unadondosha tone juu yake, unalisukuma kwa kidole, likikunjamana ngozi limeiva. Biji hakukitaka. Alisimama kando ya sufuria ameinamisha kichwa, mwiko mkononi. "Sikiza. Sasa naongea kama mvua kwenye bati," akasema. Mimi nilisikia kelele tu. Dakika zikapita. "Sasa mvua napungua." Zikapita nyingine. "Sasa nasikia? Natembea na viatu nzito." Na kweli, ghafla nikasikia: povu lile la mwanzo lilikuwa limekwisha, na mapovu yakawa machache, mazito, yanapasuka moja moja kwa mlio mnene. Akazima gesi. Nikadondosha tone kwenye kisahani nikalisukuma. Likakunjamana. Nilitazama kisahani, nikamtazama yeye kama nilivyomtazama utotoni mtu aliyekuwa akisoma Kurani nzima bila kufungua msahafu.

Watu huniuliza kwa nini nilichagua kazi ninayoifanya, ya kuwafundisha waliopoteza kuona namna ya kuishi tena majumbani mwao. Huwa nasema nilivutiwa na huduma za afya. Ni jibu la kujazia fomu. Ukweli ni kwamba mwaka ule wote niliishi na mtu ambaye ulimwengu ulikuwa ukizidi kumfungulia mlango mwingine kila ule wa macho ulipozidi kufungwa, nami nilitembea nyuma yake nikiwa nimeachama mdomo. Alijua mleta barua kwa kisigino kilicholika. Alijua chai imejaa kwenye kikombe kwa jinsi sauti yake inavyopanda. Nikirudi kutoka Saltley alijua nilikuwa na siku mbaya kwa namna nilivyotundika koti, na alikuwa ameshaweka chapati juu ya meza, na mamaledi, kabla sijavua viatu. Tulikula pamoja chapati za moto zilizopakwa uchungu ule mtamu, miguu yetu ikiota hita moja. Sijapata kula chakula kizuri kuliko hicho.

Kilichoniharibia ni barabara. Biji alikuwa akivuka Stratford Road mwenyewe, kila siku, kwa masikio. Alisimama ukingoni mwa njia na uso mtulivu, akasikiliza mabasi na magari, akaona nafasi yake kwa kusikia, akavuka. Mara nyingi nilikuwa pembeni yake na nilistaajabu. Lakini jioni moja ya Novemba, Ramadhani, nilikuwa natoka kazini nikiwahi kufuturu, na mvua ilikuwa inanyesha kwa nguvu. Nikamwona upande wa pili, mfuko wa dania mkononi. Mvua ile ilifunika kila sauti. Nikamwona akishuka ukingoni. Nikaliona basi. Nilipiga kelele na sikujua nimesema nini wala kwa lugha gani. Breki zililia, basi likasimama hatua mbili kutoka begani kwake, na dania ikatawanyika kwenye maji. Biji alisimama wima. Alimwinulia dereva mkono kumshukuru, akamaliza kuvuka, akanipita bila kujua ni mimi niliyekuwa nalia pale. Nyumbani alikuwa ameshawasha jiko nilipofika. "Leo umechelewa," akasema. "Tende iko mezani." Nilishika tende, nikairudisha mezani.

Nilikaa na siri hiyo siku nne. Usingizini niliona basi halisimami. Siku ya tano, wakati wa mapumziko kiwandani, nilimpigia Jaspal nikamwambia kila kitu.

Alikuja Jumapili. Nilikaa ngazini nikiwasikia sebuleni, wakizungumza Kipunjabi, yeye kwa sauti ya juu na mama yake kwa ya chini. Sikuelewa ila maneno mawili, Leicester, na jina langu. Jina langu lilitoka mdomoni mwa Jaspal. Jaspal alipotoka alinikuta pale ngazini, macho mekundu, akaniambia kwa Kiingereza kwamba nimefanya jambo sahihi, kwamba ataiomba kaunsili, baraza la mji, imtume mtu aje kupima kama mama yake anaweza kuendelea kuishi pale, na kwamba akishindwa, basi atahama kabla baridi haijaisha. Nilishuka jikoni. Biji alikuwa anaosha vikombe. "Biji, basi lile karibu likuue. Niliogopa." Akapangusa kikombe, akakirudisha mahali pake, akapita.

Hakunifukuza. Hakunitukana pia, ingawa nilitamani anitukane. Chakula kilikuja mezani vilevile, cha moto, chumvi yake sawa, ila aliniwekea na kwenda kulia chake sebuleni, chumba kile cha wageni. Barua hakunipa tena, zilirundikana mlangoni. Wiki saba nilikula peke yangu nikiutazama ukuta. Januari ilipofika, nilirudi siku moja nikasikia kisu kabla sijafungua mlango. Ka, ka, ka, ka. Sanduku la madanzi lilikuwa juu ya kiti changu. Nilisimama mlangoni mwa jikoni kwa koti langu lililolowa, nikingojea aniambie nioshe mikono. Kisu kikaendelea. Nikapanda juu.

Mtu wa kaunsili alikuja siku iliyofuata, Alhamisi, pamoja na Jaspal. Jaspal alikuwa ameniomba niwepo, endapo kutakuwa na maswali. Mgeni alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, ana faili na kalamu, akaeleza kwamba angependa tu kumwona Biji akitengeneza kikombe cha chai na kitu kidogo cha kula. Biji alimjibu kwa Kiingereza chake cha haraka kwamba chai atapata, lakini leo ana kazi, na kama wanataka kumtazama wamtazame akiifanya. Akapika chai. Akaimimina vikombe vitatu bila kumwaga tone, akamkabidhi kila mtu chake. Halafu akaweka sufuria kubwa jikoni, maji ya madanzi na maganda yaliyokwisha lainika asubuhi, akamimina sukari, akapandisha moto.

Jaspal aliruka. "Mama, please. Hiyo sukari ikichemka, ni hatari!" Alichanganya lugha mbili kwa pupa. Yule bibi alinyoosha mkono, taratibu, akamzuia. Nilimwona akiandika. Kisha nikamwona ameacha kuandika.

Kwa maana sasa Biji alikuwa anafanya kazi. Mkono wa kushoto ulikaa kwenye ukingo wa meza kama mtu aliyeshika usukani, wa kulia ukazungusha mwiko, na kila alipohitaji kitu, kijiko, kitambaa, upawa, mkono ulikwenda ukakipata, bila haraka, bila kupapasa. Chupa zilikuwa zimepangwa ndani ya oveni zipate joto. Povu lilipanda likakaribia mdomo wa sufuria, nami moyo ukanipanda nalo, na kabla sijafungua mdomo alikuwa amepunguza gesi kiasi kidogo tu, povu likashuka. Mvuke ulijaza jikoni, dirisha likawa jeupe. "Unajuaje itakapokuwa tayari?" aliuliza yule bibi. Biji akainua mwiko kututaka tunyamaze. "Sikilizeni," akasema kwa Kiingereza.

Tukasikiliza. Watu wanne katika chumba kile chembamba, hakuna aliyesogea. Yule bibi alifumba macho. Kisha, jambo ambalo sitalisahau, Jaspal naye akafumba yake, mtu mzima wa miaka arobaini na kitu amesimama kwa suti jikoni kwa mama yake, uso wake umeloa kwa mvuke au kwa kingine. Mvua ilinyesha ndani ya sufuria. Ikapungua. Yakaja yale mapovu mazito. Na mimi, niliyekuwa nimelisikia hilo mara moja tu maishani, nililitambua kwa ngozi ya mgongo wangu sekunde ileile mkono wa Biji ulipozima gesi. "My God," alisema Jaspal, polepole. Nikatoa kisahani nilichokuwa nimekiweka kwenye friza, kwa kuwa wao walihitaji kuona. Tone likakunjamana.

Yule bibi akasema kwamba jikoni hana swali. Akafungua ukurasa mwingine wa faili, akaonekana hajui aanzie wapi. Biji ndiye aliyeanza. Alijifuta mikono kwenye aproni akasema, kwa Kiingereza, akielekeza uso mahali Jaspal alipokuwa, "Ndani ya nyumba niko sawa. Barabarani siko sawa. Basi karibu liniue. Huyu msichana hakusema uongo." Nilijua maneno hayo yanamgharimu nini. "Nipeni ile fimbo nyeupe. Mnifundishe. Lakini nyumba yangu hapana."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Alipata fimbo, na mwalimu wa kumfundisha barabara, na akaishi katika nyumba hiyo miaka yote iliyobaki. Jaspal na mwenye faili walitoka nje kuzungumza kando ya gari, nami nikabaki na Biji kumsaidia kujaza chupa, kwa sababu mamaledi haingoji mtu. Yeye alichota, mimi nilifunika. Tukafika chupa ya mwisho. Nilipoikaza kifuniko akaniuliza, kwa Kiswahili, uso wake ukielekea ukutani.

"Hodan. Iko rangi gani?"

Mwaka mzima hakuwahi kumwuliza mtu yeyote swali la namna hiyo. Nilifuta dirisha kwa mkono wa sweta, nikainua chupa kwenye mwanga uliobaki. Nikasema ni kama chai ya rangi, mtu akiishika juani.

"Chai nzito?"

"Nyepesi. Chini ni nyekundu kidogo. Pembeni, inapogusa kioo, ni kama shaba mpya."

"Na ganda?"

"Yametulia katikati, hayakuelea juu. Ni kama nyuzi za dhahabu, Biji, na kila uzi una mwanga wake."

Akavuta kiti, kile changu, akakaa. Akaweka mikono yake yenye harufu ya madanzi mapajani.

"Sema tena," akasema. "Polepole."